Kwa Zaina, kuhusu ile manette isiyo na vitufe

Mdogo wangu Zaina,

Chumba chako cha michezo hapa Mangobo, Kisangani, bado kinafunguliwa saa nne ya asubuhi, na binti yako Rehema bado anafagia kizingiti kabla ya kuwasha mashine, kama ulivyomfundisha. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nyuma, lile lililovunjika mguu ukalitegemeza kwa tofali. Jumapili iliyopita, papa hapa, mbele ya watu, nilisema neno ulilolingojea kutoka kwangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Ulikuwa umeshaondoka. Naandika barua ya kusomwa na kila mtu kwa sababu uongo wangu pia niliusema mbele ya kila mtu.

Nianze na mchezo wenyewe. Hukupenda hadithi inayoanzia katikati.

Unakumbuka ile Rapides ya kwanza ilivyofika? Ilikuwa kwenye sahani ya CD iliyokwaruzwa, ukaisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha kanga kuukuu mpaka mashine ikakubali kuisoma. Watu wawili katika mtumbwi mmoja, mto wenye maporomoko, miamba, na utepe mwekundu mwishoni. Vijana walitaka mpira, nawe ukawawekea mpira. Lakini Jumapili baada ya swala ya alasiri runinga ya pembeni ilikuwa yetu sisi wawili. Walitucheka. Walisema wazee wa mto Aruwimi wanapiga kafi kwa vidole gumba. Ikatoka ya pili, ya tatu, ya nne, na zote tulizimaliza, tukisimama tu pale umeme wa bwawa la Tshopo ulipokatika na wewe kwenda kuvuta kamba ya jenereta ukiisemesha kama mbuzi mkaidi.

Katika michezo ile mtumbwi haukuwa na mbele wala nyuma. Kila mchezaji alikuwa na manette yake, kile kidude cha mkononi cha kuchezea; aliyeshika ya kwanza ndiye aliyeongoza, na ya kwanza niliishika mimi siku zote. Hukuniomba hata mara moja. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitaja kwako. Ukibonyeza kitufe cha kurudi, mtumbwi ulipunguza mwendo tu. Haukugeuka. Waliotengeneza hawakuweka njia ya kurudi, na mimi niliona wamefanya vema.

Kisha mwanao akatuma ya tano kutoka Kinshasa, pamoja na mashine mpya. Wote tulishangaa kuona manette haina vitufe vya kuongozea. Unaishika kama mpini, nayo inasikia mkono wako unavyokwenda. Wa mbele anapiga kafi hewani. Wa nyuma anaongoza kwa namna anavyoweka kafi lake majini. Kuna wa mbele na kuna wa nyuma, na mashine inawajua.

Siku ile chumba kiligawanyika kama mahakama. Trésor, yule fundi wa simu aliyekuwa bingwa wa mtaa mzima, aliongoza kambi ya vitufe.

"Hii haiko mchezo, mama. Iko gymnastique. Miaka saba nafundisha vidole vyangu, leo munaniambia nitikise mukono namna ya mutu anapepea moto?"

"Donc shida yako ni moja," ulimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye waya uliokuwa ukiuchomeka. "Sasa hata mama yako anaweza kukupiga."

Walicheka mpaka Trésor mwenyewe akacheka. Kijana mmoja akasema vitufe ni kwa wavivu. Mwingine akasema mkono unachoka na kidole hakichoki, na mtu aliyelipia muda hataki kuondoka na maumivu ya bega. Ukawaambia kwamba wao wote wanapiga kafi kama watu wanaofukuza nzi kwenye samaki, na kwamba mashine haina kosa ikikataa upuuzi wao.

Mimi nami nikaingia. Mwalimu hawezi kuona mjadala akaupita. Nilisema kitufe ni kama herufi: hakifanani na kitu kinachokitaja, na kwa hiyo kinatuachia nafasi ya kuwaza. Mchezo unaoulazimisha mwili kuigiza, nikasema, unatunyang'anya nafasi hiyo. Yalikuwa maneno mazuri. Wengine walitikisa kichwa kwa kukubali. Wewe uliniangalia kwa muda mrefu kuliko maneno hayo yalivyostahili, kisha ukaniita kwa neno letu la kaka mkubwa: "Haya yaya, tucheze. Leo mimi nakaa nyuma."

Baba alitufundisha, wewe na mimi, katika mtumbwi mmoja. Wa mbele anatoa nguvu na anasoma miamba. Wa nyuma ndiye njia. Wa mbele habishani na wa nyuma, wala hageuzi shingo kumtazama. Na alitufundisha kugeuza: wa nyuma hapigi maji, analisimamisha kafi kando ya kiuno, bapa lake likikabili maji, analizuia, wa mbele anavusha kafi lake upande wa pili na kupiga mara mbili kwa nguvu. Pua ya mtumbwi inazunguka yenyewe. Ulikuwa na miaka tisa ulipoweza. Mimi nilichelewa.

Kwenye kona ya tatu ya mto wa mchezo, bila kuniambia, uliteremsha mkono kando ya kiuno ukauzuia hapo, kiganja kikitazama mbele. Mashine ilikuelewa. Ukasema kwa sauti ya chini, "Vusha, yaya. Kushoto." Na mkono wangu ukavuka. Sikuuambia. Ulivuka wenyewe, ukapiga mara mbili, na mtumbwi wetu ukageuka katikati ya mkondo, ukatazama ukingo tulikotoka. Saa ya mchezo ilikuwa ikikimbia. Watu walidhani umekosea. Ulikaa hivyo hivyo, umeuzuia mkono.

Ndipo Trésor aliponigeukia. "Papa Mwalimu, weye ndiye mutu ya mayi hapa. Sema kweli. Pirogi ya kweli inaweza geuka hivi, katikati ya mukondo?"

Chumba kizima kilingoja. Walinifanya hakimu kwa sababu ya mvi zangu na mto wangu.

"Haiwezekani," nikasema. "Mkondo hauruhusu. Huo ni uongo wa mashine."

Trésor akainua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Wewe uliiweka manette juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka yai, ukaenda kuangalia jenereta ambayo haikuwa ikiwaka.

Wasomaji wengine wa barua hii hawajui, kwa hiyo niseme kilichokuwa ndani ya swali lile.

Asubuhi ya kukimbia vita, sisi watatu, Mama, wewe na mimi, tulifika majini tukiwa na vifurushi viwili. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Aruwimi, juu kidogo ya Banalia. Tukishavuka tu, barabara ya Kisangani ilikuwa yetu. Risasi zilisikika upande wa sokoni. Wewe ulikuwa mbele, mimi nyuma. Mama alikuwa ameshainua mguu aingie, akaurudisha. Alikumbuka kwamba hakufunga mlango. "Ningojeni, nafunga nakuja," alisema, kama mtu anayekwenda mazishini kijiji cha pili na atarudi jioni.

Nilingoja. Sijui kiasi gani. Kisha risasi zikasikika karibu zaidi, na nikausukuma mtumbwi kwa kafi.

Tulikuwa tumefika robo ya mto Mama alipotokea ukingoni. Alikuwa ameinua ufunguo juu, atuonyeshe kwamba amemaliza, kwamba yuko tayari. Ulivunja sheria ya baba, ukageuza shingo. Ukasema, "Geuza." Ukavusha kafi lako upande wa kushoto, ukalishika hapo, ukinisubiri nizuie. Ukasema tena, "Geuza, yaya." Ilikuwa kiangazi. Maji yalikuwa yameshuka mpaka miamba ya chini ilionekana kama migongo ya ng'ombe. Mkondo ule hata mtoto angeuweza.

Nilipiga mbele.

Mama alitufikia Kisangani baada ya siku kumi na tisa, kwa miguu, miguu yenyewe imevimba, ufunguo umefungwa kwenye pembe ya kitenge. Nilimwambia kwamba mkondo ulitushinda. Akaniangalia. "Maji ni maji, mwanangu," alisema, akaomba chakula. Ulikuwa jikoni ukiponda ndizi za lituma. Mchi ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Aliishi nasi miaka minane. Ufunguo aliutundika kwenye msumari, na alipokufa ukauhamishia hapa, kando ya mlango wa chumba cha michezo, ambapo wateja wanadhani ni pambo.

Jumapili ile ya mjadala, wakati wa kufunga, uliniita nikiwa nimeshatoka nje. Ulikuwa umeshika kufuli.

"Mama alishakufa, yaya," ulisema. "Leo ulikuwa unamwogopa nani?"

Nilisema nimechoka. Nilipanda toleka nikaenda zangu, na mwendesha baiskeli akanisimulia habari za shemeji yake njia nzima, nami nikamshukuru moyoni kwa kila neno.

Hukucheza Rapides nami tena. Hukunikasirikia, uliniwekea chai, uliniuliza habari za mgongo wangu. Lakini runinga ya pembeni uliwapa vijana. Kisha ugonjwa, kisha ndege ya Kinshasa kwa matibabu. Kwenye simu tuliongea kuhusu dawa, kuhusu mvua, kuhusu Rehema na wateja wasiofuta viatu. Mara mbili nilikusikia umenyamaza, na nilijua ukimya ule unangoja nini. Mara zote mbili nilikuuliza kama umekula. Ulipofariki huko, tulikuswalia swala ya ghaibu msikitini hapa, na nilisimama safu ya mwisho kwa sababu sikuona haki ya kusimama mbele.

Sasa Jumapili iliyopita. Nilikuja kama kawaida kumsalimia Rehema. Hakukuwa na mtu wa kucheza naye, na mchezo ule hauanzi bila watu wawili. Akaninyooshea manette. "Tonton, kaa nyuma. Weye ndiye mukubwa." Nilitaka kukataa. Watu walikuwa wachache: Trésor na simu aliyokuwa akiifungua, wanafunzi wawili wakingoja mpira. Nikashika.

Tulipofika kona ya tatu niliuteremsha mkono kando ya kiuno. Nilihofu mashine itanikataa. Niliuzuia. Nikamwambia Rehema avushe kushoto. Yeye hajapanda mtumbwi maishani mwake, alikulia kwenye sakafu hii. Hata hivyo alivusha, akapiga mara mbili, na pua ikazunguka. Ilikuwa rahisi, Zaina. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba ilikuwa rahisi. Ukingo tulikotoka ukaja mbele yetu, nyasi zake na mawe yake. Niliupekua kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Waliotengeneza mchezo hawakuweka mtu pale.

Muda ukaisha, mashine ikaandika kwamba tumeshindwa.

"Papa," Trésor alisema bila kuinua kichwa kwenye simu yake, "lakini weye mwenyewe ulisema haiwezekani."

"Inageuka," nikasema.

Akainua kichwa. "Hata ya kweli?"

"Hata ya kweli. Nilidanganya. Nilidanganya hapa, na kabla ya hapa nilimdanganya mama yangu."

Kisha nikawasimulia, nikiwa nimekaa, manette mapajani. Sikupamba. Wale wanafunzi waliacha kuulizia mpira. Nilipomaliza, Rehema aliuliza jambo moja tu: "Mama alijua?"

"Mama yako alikuwa mbele," nilimwambia. "Alisema nigeuze. Alisema mara mbili."

Hakunifariji, na nilimheshimu kwa hilo. Alisimama, akaenda mlangoni, akauangalia ufunguo kwa muda bila kuugusa. Trésor alifuta mikono kwenye suruali yake. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu cha watu, "Bon. Basi Mama Zaina alitushinda ule mjadala."

Ulitushinda. Nakuletea habari hiyo rasmi: kambi ya mikono imeshinda, na bingwa wa vitufe amekiri mbele ya mashahidi.

Lakini ulikuwa umeniuliza jingine, pale kwenye kufuli, na sitaki kuondoka tena kwa toleka. Uliniuliza nilikuwa namwogopa nani, wakati Mama hayupo. Mama sikumwogopa sana, hata alipokuwa hai. Yeye alichagua kuyasingizia maji, na pengine alifanya hivyo ili aweze kula chakula changu. Niliyemwogopa ni wewe. Wewe peke yako ulijua maji yalikuwa chini kiasi gani. Ulikaa mbele yangu miaka yote hiyo bila kugeuza shingo tena, ukinipa manette ya kwanza, na mimi kila Jumapili nilikitazama kisogo chako nikiihofia siku utakayogeuka.

Ulipogeuka, Jumapili ile ya mjadala, uliniachia nafasi ya kusema neno moja tu: inageuka. Hukutaka zaidi ya hilo.

Lala salama, mdogo wangu. Rehema ananiita nipishe benchi, wateja wamekuja.

Kaka yako,
aliyekaa nyuma.