Chatu wa Wifi Mwanamisi

Albertville, Kalemie
4 Julai 1958

Kwa wifi yangu mpenzi Mwanamisi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, hujambo? Shangazi na mguu wake anaendeleaje huko Kiambi? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mama mkwe anakula vizuri, ila analalamika kwamba baridi ya Julai imemwingia magotini. Kaka yako Amisi anaendelea na kazi yake bandarini, na kila jioni anajaza sebule wanaume wanaokuja kusikiliza redio yake mpya. Ndagala zako, dagaa kama tusemavyo kwetu, ziko stoo, zimekauka vizuri.

Wifi, kaa chini kwanza.

Chatu wako Karani hayumo kikapuni. Najua, najua! Jumatano nilimfungulia kifuniko nimpe panya kama ulivyonielekeza, jirani akaniita dirishani, nikageuka. Kurudi, kikapu kitupu. Milango ilikuwa imefungwa kwa ajili ya upepo wa ziwa. Nikamwaga unga vizingitini, na mpaka leo hauna alama ya nyoka, kwa hiyo yumo humu humu ndani. Nimepekua stoo, masanduku na uvungu wa vitanda. Mama akasema tumfukize. Tukachoma pilipili kavu, tukatoka sote tunakohoa, yeye hakutoka.

Panya wamekwishapata habari, wametoboa gunia lako la ndagala. Mama Hortense wa jirani anawaambia watu kwamba tunafuga nyoka wa utajiri. Na Amisi amechoka. Ameapa kwamba Karani asipopatikana kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, ataleta wanaume na mapanga, wabomoe dari na kumkata popote watakapomwona.

Wifi, mimi nilitoka kwetu Ujiji sijawahi kushika hata mjusi. Lakini umeniachia amana, na mnyama yule unampenda. Ukirudi usimkute, nitakutazama kwa uso gani? Niambie nifanye nini.

Wifi yako,
Fatouma

*

Kiambi, 14 Julai 1958

Kwa muke wa kaka yangu, Fatouma,

Salamu. Mie muzima. Shangazi mguu unapona na matusi yake yamerudi, hiyo njo dalili ya afya. Cyrille, dereva wa kamyo ile inayobeba pamba, alinipa barua yako sokoni. Nikaisoma nimesimama, nikapiga ukelele mpaka wauza samaki wakadhani nimefiwa.

Pilipili! Nani alikufundisha kumuchomea nyoka pilipili? Ukimufukiza anaingia ndani zaidi. Na kama Mama anazunguka nyumba akimwita jina, mwambie apumzike, yule hasikii jina.

Sasa sikiliza. Nimemulea Karani tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Anapenda vitu viwili, panya na joto. Na akijificha anataka mahali penye giza, pamebana. Achana na uvungu wa kitanda, sakafu ni baridi. Jiulize, humo ndani ni kitu gani kinapata moto kila siku?

Ukimupata, usimushike kichwa, usimuvute. Mupe mukono wako, umungoje. Atakupima kwanza, kisha atapanda mwenyewe. Sumu hana, meno anayo. Akikuuma utalia, halafu utanyamaza.

Amisi akimukata nyoka wangu, asinijue tena! Nilimwambia tangu mwanzo kwamba ameoa ua la Ujiji, kazi yake kunukia. Haya, tutaona.

Wifi yako,
Mwanamisi

*

Albertville, 26 Julai 1958

Wifi Mwanamisi,

Salamu nyingi, hujambo, shangazi hajambo, sisi hatujambo, NIMEMPATA! Nimempata kwa mkono huu huu unaokuandikia.

Barua yako iliniuma, sikufichi. Nililia. Kisha nikajifunga kanga kiunoni nikaanza kugusa kila kitu ndani ya nyumba, kabati, pasi, mitungi, mpaka kofia za Amisi. Vyote baridi, na jiko letu, unajua, liko nje.

Jana jioni, siku ya mapanga ikiwa leo, wanaume walikuwa wamejaa kama kawaida. Papa Gérard, msimamizi wa kambi yetu ya wafanyakazi wa bandari, alikaa kwenye kiti kilicho karibu na redio. Nilileta chai, meza haikuwa na nafasi, nikaweka sinia juu ya redio. Ubao wa redio ulikuwa na moto kama mkate uliotoka sasa hivi tanurini. Nikasimama pale pale. Redio huwaka tangu alasiri, na juma zima Amisi alikuwa analalamika kwamba msomaji wa habari ana mafua.

"Zima redio," nikasema.

"Habari haijaisha," akasema Amisi.

Sikubishana naye. Nikachomoa waya ukutani, nikaigeuza redio. Redio ni mpya kwetu tu, ubao wa nyuma una pembe iliyovunjika, ngumi inapita. Nikasema bismillahi, nikaingiza mkono. Nikagusa kitu kikavu, laini, chenye uvuguvugu. Wifi, niliogopa! Lakini sikuvuta.

"Fatouma, toa mkono," Amisi akanong'ona.

"Nyamaza, Baba," nikamwambia, mbele za watu.

Karani akanipima kwa ulimi wake, akazunguka vidole, kisha kiwiko, akapanda mpaka begani. Ungekuwepo! Papa Gérard alirukia nje kupitia dirishani, na lile dirisha unalijua, si kubwa. Amisi alikuwa juu ya meza. Mama akapiga vigelegele akasahau magoti. Nikatoka na Karani shingoni, nikazunguka naye kambi nzima, nikasimama mlangoni kwa Mama Hortense: "Utajiri wetu huu hapa, mama, uguse!" Hakugusa.

Leo wenye mapanga wamekuja, nikawapa chai wakaenda zao. Karani yuko stoo, ameshiba panya, kifuniko nimekiwekea jiwe. Redio inaimba vizuri, ila Amisi anaisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

Wifi yako,
Fatouma

*

Kiambi, 5 Agosti 1958

Fatouma mdogo wangu,

Salamu kwako kwanza, wengine baadaye. Shangazi amecheka mpaka mguu umemuuma tena. Barua yako nimeisoma kwa sauti sokoni. Muuza samaki mumoja akanipa samaki mukubwa, akasema nimupelekee yule mama wa redio. Nimemukausha, ni wako.

Kumushika nyoka unayemwona ni mazoea. Kuingiza mukono gizani, hujui utagusa kichwa au mukia, huo njo moyo. Mie sijawahi.

Narudi na kamyo ya Cyrille ikimaliza kupakia pamba. Unajua tabia yangu, tangu uolewe ile nyumba nasukuma tu mlango naingia, maana nilisema ni ya kaka yangu. Safari hii nitasimama nje na mizigo yangu, nipige hodi, ningoje mpaka wewe useme karibu.

Dada yako,
Mwanamisi