Bolti Zimeshakazwa

Baba, shikamoo. Huku Stockholm mvua imetuachia leo, njia ikakauka, magari yakashindana mawili mawili. Kabla ya fainali pistoni yetu ilitoboka, tukafumua injini nzima. Nikiwa nakaza bolti za silinda hedi, bosi wangu Mswidi akaniuliza kitu, akarudia, akarudia tena. Sikumjibu. Kwenye gereji yako anayekaza hedi hasemeshwi, asije akaruka bolti, na nilimwambia hivyo nilipomaliza. Alinuna.

Basi gari letu likachomoka, mpinzani akabaki anakula moshi. Bosi akanijia na kikombe cha ushindi, kidole juu ya midomo, akanikabidhi bila neno.

Msalimie Mama, na mafundi wote uwaambie tumeshinda. Waambie kwa sauti, Baba. Bolti zimeshakazwa.

Mwanao,
Neema