Karatasi Ulizotandika Kabatini

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, na hilo halibadiliki hata nikasirike vipi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na shemeji anaendelea na matembezi yake ya asubuhi kama alivyoagizwa na daktari. Mimi sijambo. Jicho limepona vizuri. Daktari wa macho alinipima juzi akasema sasa naweza kusoma hata yale maandishi ya sisimizi kwenye chupa za dawa. Nakushukuru kwa kuiacha nyumba yako siku tano ukaja kuangalia ya kwangu nilipokuwa hospitali, kwa supu uliyoniletea wodini, na kwa mapazia uliyofua. Shukrani hizi ni za kweli. Zipokee kwa mikono miwili, maana baada ya hapa sina nyingine.

Nimekasirika, dada. Nilingoja wiki mbili hasira ipoe ndipo nishike kalamu, nayo badala ya kupoa imechacha. Ningeweza kukupigia simu, lakini wewe kwenye simu humwachi mtu amalize sentensi. Barua hutaweza kuikatiza.

Unaikumbuka siku uliyonileta nyumbani. Ulinishika mkono tukapanda ngazi, jicho langu moja limefungwa kitambaa, na ulipofungua mlango ukaniambia niingie bila hofu ya kujikwaa, kwa kuwa nyumba sasa imekuwa nyumba. Ukanieleza kwa fahari ulivyokifyeka kile chumba cha dirishani. Ukasema yale makaratasi ya watoto wa jirani yalikuwa yametapakaa mezani, mengine yameanikwa kwenye kamba kama soksi, hata mahali pa kuweka kikombe hapakuwepo. Mengi uliyashusha kwenye pipa la taka. Yaliyokuwa mazuri kidogo uliyakata ukatandika rafu za kabati la vyombo, na fungu jingine ukalitia kwenye mkoba wako ili ukatandike droo zako, kwani karatasi nene namna ile ni dhambi kuitupa. Nami nikakujibu nini? Nikasema ahsante. Ulimi wangu huu huu. Kesho yake ukaondoka, nikakupungia mkono dirishani.

Kitambaa kilitolewa siku ya tatu. Mtu mwingine angekimbilia kioo. Mimi nilikwenda kwenye kabati la vyombo, nikashusha sahani moja moja, vikombe, bakuli, mpaka rafu zikabaki tupu, nikazibandua zile karatasi. Zilikuwa kumi na moja. Kilima kimoja ulikikata kiunoni kikae sawa na kona. Mto mmoja ulikuwa na alama ya duara ya sufuria katikati. Na kwenye ile yenye miti ya buluu, dada, nilikuta wino mwekundu. Umeandika pembeni, kwa mwandiko ule ule uliowatetemesha wanafunzi miaka thelathini na minne: “Mti hauna rangi hii. Angalia nje kabla ya kuchora.” Chini yake ukatia nne kwa kumi. Umestaafu ualimu mkuu, wanafunzi wako wengine sasa ni mabibi, lakini ukiachwa peke yako na karatasi lazima uisahihishe!

Nilishuka ngazi hivyo hivyo na kandambili zisizofanana, nikaenda kwa fundi cherehani wa hapa chini, yule mama uliyemsifu kwa kukupunguzia gauni. Nikamuuliza kama aliona mzigo wa karatasi ukipelekwa kwenye taka. Akasema aliuona. Alikuuliza hizo ni nini, ukamjibu ni michezo ya watoto, naye akarudi kwenye mashine yake. Gari la taka lilipita asubuhi iliyofuata. Nilimpandishia sauti mbele ya wateja wake. Nilimwambia yeye ni jirani gani, anaona mali ya mtu inakwenda jalalani naye anatunga uzi kwenye sindano. Akaacha kushona, akanitazama, akasema, “Mama, uliniapisha mwenyewe nisimwambie mtu yeyote. Mdomo uliufunga wewe, leo unanigombeza kwa kuwa umefungika?”

Nilirudi juu.

Najua hapo ulipo umeshavua miwani, unamuuliza shemeji huyu mdogo wangu ana nini, hasira zote hizi kwa michoro ya watoto wa watu. Basi keti. Hakuna mtoto wa jirani aliyewahi kushika brashi nyumbani kwangu. Jirani yangu ana watoto wawili. Mmoja ni askari, mwingine ana mke. Zile picha ni zangu. Zote. Nimezichora mimi, kwa mkono huu, kwa miaka mitatu, na fundi cherehani peke yake ndiye aliyejua.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, nimalize. Sikustaafu kwa hiari kama nilivyowaambia. Wewe umezoea kuwasimulia watu kwamba mdogo wako alikuwa akichora mimea kwa ajili ya vitabu vya wataalamu, na kwamba jani nililolichora mtu angetaka kulichuma. Ilikuwa kweli. Jani likiwa na meno ishirini na moja nilichora ishirini na moja. Nilihesabu vinyweleo kwenye shina kwa kioo cha kukuzia, na mkuu wetu alipita nyuma yangu na rula. Halafu mkono ukaanza kutetemeka, na jicho likaingia ukungu. Siku moja nilichora ua la petali tano nikaliwekea sita. Mkuu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliichukua ile karatasi kwa upole kama mtu anayempokonya mgonjwa kisu, akanihamishia stoo kubandika majina kwenye maboksi. Nilikaa huko miezi minane, ndipo nikaandika barua ya kuacha kazi.

Nyumbani nilikuwa na rangi za maji, nikajaribu kuchora tawi lililo nje ya dirisha. Mkono ukaruka, kikombe cha maji kikapinduka juu ya karatasi. Kijani kikakimbilia kwenye nyekundu, nyekundu ikapanda juu, na mbele yangu pakatokea kitu kama kilima kinachocheka. Dada, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tangu siku hiyo nikawa nalowesha karatasi makusudi. Nadondosha rangi, nainamisha, napuliza kwa mrija, nanyunyiza chumvi, rangi inatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Nilichora miti yenye miguu ya korongo. Nilichora mto unaopanda mlima kwa kuwa umechoka kushuka. Hakuna aliyenihesabia petali. Mkono ukitetemeka, nyasi zinapata upepo.

Mwaka juzi ulipokuja kunitembelea ukaokota moja mezani. Ukacheka, ukaniuliza ni mtoto gani huyu asiyejua mti unafananaje. Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Nikakuangalia usoni, nikaona yule dada anayejisifia jani langu kwa watu, nikaona aibu, nikasema ni watoto wa jirani. Nikaongeza na umri wao. Nimezikana picha zangu mbele yako, kisha nakukasirikia kwa kuziamini kauli zangu. Nalijua hilo. Nimejigombeza kuliko nilivyomgombeza fundi cherehani, naye nimeshamwomba radhi.

Lakini usidhani nimekufutia kosa. Hata kama zingekuwa za watoto! Mtoto akianika picha thelathini kwenye kamba, anazipenda. Kuuliza kungekugharimu nini? Nilikuwa kitandani hospitali, si kaburini. Wewe nyumba ya mtu ukiingia, kisichofanana na cha kwako unakiita taka.

Na kuna hili linaloniuma kuliko yote. Picha zile nilizichora na jicho lililofifia, na la pili halikuwa zima zaidi. Miaka mitatu niliona dunia kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya chai ya rangi. Nilikubali kupasuliwa kwa sababu nilitaka kuziona. Nilipobandua zile za kabatini nikazipeleka dirishani, nilikaa chini. Buluu yangu, dada! Sikujua kama nilikuwa natia buluu kali namna ile. Kumi na moja nimeziona. Zilizokwenda na gari la taka sitaziona kamwe, wala sijui nilichora nini.

Zilizobaki ziko kwenye droo zako. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usinipikie, usinitandikie kitanda. Toa nguo zako kwenye droo, uziweke kitandani, uniache nizibandue mwenyewe, taratibu. Nikimaliza nitazipanga sakafuni, nawe utasimama uziangalie ukijua ni nani aliyezichora. Ukitaka kucheka, cheka. Ukitaka kugombana, nimejiandaa. Kalamu nyekundu tu ndiyo sitaki kuiona.

Msalimie sana shemeji, mwambie asikukimbie siku hiyo, tutahitaji mwamuzi. Wasalimie wanangu, na wajukuu wabusu kwa niaba yangu. Goti lako lipake ile dawa uliyoiacha hapa kwangu, nitakuja nayo.

Ni mimi mdogo wako, niliyechora miti ya buluu.