Jiwe Nililofukia Goziba

Goziba, Jumapili mchana

Mke wangu Verdiana,

Nakusalimu sana, wewe na wote mliomo kwenye kibanja chetu hapo Ijumbi. Naomba barua hii ikukute umesimama na kazi zako, si kitandani na ile homa yako ya kila masika. Mama anaendeleaje na miguu yake? Bado anang'ang'ania kwenda misa ya kwanza kwa miguu, wakati jirani mwenye pikipiki anampitia mlangoni bure? Na migomba? Uliniambia mnyauko umeingia upande wa bondeni na kwamba umekata mashina na kuyafukia. Umefanya vyema. Usimruhusu mtu aingie na panga lake, hata awe kaka yangu. Panga ndilo linalotembeza ugonjwa.

Mimi ni mzima wa mwili. Nianze na hilo ili usisome harakaharaka ukitafuta msiba. Mkono pia umepona. Lakini habari nilizonazo ni mbaya, na nimeamua kuziandika kwa sababu huku kisiwani simu inashika pale juu ya mwamba tu, na pale hakuna anayezungumza peke yake. Na huko kwako najua simu inawekwa sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza pamoja na wapita njia. Haya uyasome wewe kwanza, halafu utaamua mwenyewe umsomee nani.

Bega uliliona mwenyewe, nilivyorudi nyumbani mkono ukining'inia kwenye khanga. Wavu ulinasa kwenye mwamba, wenzangu wakaachia, mimi nikang'ang'ania, bega likachomoka. Bi Zulfa, tajiri wetu wa Bukoba mwenye mtumbwi, hakunifukuza. Alisema nafasi yangu ipo, ila sitapanda mpaka mkono wa kulia uvute sawa na wa kushoto, maana mvuvi wa mkono mmoja anawazamisha wenzake. Sikuona ubaya. Wavu wenye sangara hauulizi nani anaumwa.

Hospitalini Bukoba yule binti wa mazoezi ya viungo alinifundisha jambo nililoliona la kijinga. Alisema bega langu halitaki kuinua wala kurusha kitu, linataka kuvuta au kusukuma kitu kisichosogea. Unavuta taratibu mpaka nguvu ijae, unashikilia huku unapumua, kisha unaachia taratibu. Msuli unafanya kazi, kiungo kinatulia. Nikamwuliza, "Sasa kama hakisogei, nitajuaje kuwa nimevuta?" Akacheka, akasema, "Utachoka, baba. Ndivyo utakavyojua." Zile siku nilizolala kwa shangazi Hamugembe nilikuwa nasukuma fremu ya mlango wake mpaka akapiga kelele: "Respi, bojo, mlango huo nimeujenga kwa jasho! Nenda ukasukume hicho kisiwa chako!" Basi nikaja kukisukuma.

Huku milango ya kusukuma hakuna. Vibanda vyetu ni mabati na maturubai, ukiegemea ukuta unatokea kwa jirani. Nikaanza na kigingi na kamba ya nailoni. Kigingi kiling'oka siku ileile nilipokipigilia. Kamba nayo ina tabia ya kunyooka. Unavuta, inakufuata, na bega linaifuata. Nikaumia upya, nikakaa nimenuna. Magesa, rafiki yangu wa Ukerewe tuliyekuwa tunalala naye kibanda kimoja, ndiye aliyenifumbua macho. "Wewe unataka kisichosogea halafu unatumia kamba? Tafuta mnyororo." Tukapata kipande cha mnyororo, ule wa kufungia mitumbwi kwa kufuli, kina kutu lakini kizima. Tukachimba shimo nyuma ya kibanda mpaka mchanga ukaisha, ikaja changarawe. Jiwe tulilitoa ufukweni. Magesa alilibeba upande mzito, mimi upande mwepesi kwa mkono wangu mmoja, naye akinitukana njia nzima.

Sasa jiwe la ziwani limelainishwa na maji, na mnyororo ulikuwa unateleza. Hapo nikachukua lile ganda kavu la mgomba ulilofungia kahawa ya kutafuna uliyonitumia. Kahawa yenyewe nilikuwa nimekwisha kuimaliza. Nikalisokota, nikalishindilia kati ya mnyororo na jiwe, kama tunavyofanya nyumbani tukikaza mzigo wa kuni, na mnyororo ukashika. Tukafukia, tukakanyaga. Juu ukabaki mnyororo umetoka ardhini, ukiushika mwisho wake unafika kifuani. Mpini nilikata kipande cha bomba, nikakizungushia mpira wa ndani wa baiskeli usinikate viganja, na katikati nikafunga kulabu. Nikitaka kuvuta nimeinama, naingiza kulabu kwenye pete ya chini. Nikitaka kuvuta nimesimama, pete ya juu. Nilijivunia kitu kile, Verdiana. Tangu nikujengee jiko sikuwahi kutengeneza kitu kikanifurahisha hivyo.

Kilichobaki kilikuwa kupima. Karani wa mizani aliniazima ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia sangara, asubuhi kabla mitumbwi haijarudi. Niliiweka kati ya kulabu na mnyororo. Nikavuta kwa mkono wa kushoto, mshale ulipofika nikatia alama ya mkaa. Nikavuta kwa wa kulia, mshale ukatikisika tu. Aibu tupu. Lakini kila nilivyoendelea ulikuwa unapanda, na alama ile ya mkaa ikawa ndiyo kanisa langu. Usimwambie mama nimesema hivyo.

Mwanzoni kambi nzima ilikuwa inacheka. "Respi, leo tena jiwe limekushinda?" Nilicheka nao. Mtu anayevuta ardhi na jasho linamtoka, hata mimi ningemcheka.

Halafu samaki wakapotea. Mitumbwi ilitoka na kurudi na samaki wa kuchemsha tu, mafuta ya injini yakawa yanateketea bure, watu wakahamia kwenye uji. Njaa ikikaa kambini watu huanza kutazamana. Mama anayetuuzia chai ndiye aliyeanza, na aliuliza kwa upole kabisa: "Baba, huo mnyororo huko chini umeishia wapi?" Nikamwambia kwenye jiwe. "Na ile mizani unapimia nini, mbona hujaning'iniza kitu?" Nikamwambia napima nguvu. Akanitazama, akachukua kikombe chake kabla sijamaliza chai. Mimi mjinga sikujua jibu lile linasikikaje kwa mtu mwenye njaa.

Baada ya hapo sikuulizwa tena, nikawa nasikia tu. Kwamba mtu ambaye hayumo ndani ya mtumbwi anavuta wavu usioonekana. Kwamba ndiyo maana mnyororo hausogei, umekamata ziwa. Kwamba napima samaki wao kabla hawajatoka majini. Magesa alinishauri niache kwa muda. Nikamjibu kwamba mkono wangu haungoji mjinga yeyote apate akili. Nilikuwa nimekaribia alama, mke wangu. Kila asubuhi nilikuwa naona mtumbwi unanisogelea.

Siku mshale ulipofika kwenye alama, siku hiyohiyo mwenyekiti wa kambi aliita baraza. Wakasema nifukue. Nikasema chimbeni wenyewe, na jembe nikaleta mimi. Nilikuwa na kiburi, nilitaka waone jiwe waone haya. Walipolifikia nikasema kwa sauti, "Si mmeona? Jiwe." Mmoja wa wachimbaji akaingiza kidole kwenye lile ganda la mgomba, akalivuta, likafunguka. Zikadondoka punje za kahawa. Zilikuwa chache, zilizobaki kwenye mikunjo bila mimi kuziona.

Watu wote wakarudi nyuma. Kwetu mgeni hajakaa vizuri amekwisha kuwekewa kahawa mkononi, ni heshima, hakuna anayeuliza. Lakini hawa wametoka pande zote za ziwa. Walichokiona ni jiwe lililofungwa mnyororo, likavishwa ganda la mgomba, likawekewa mbegu, likafukiwa. Kusema kweli, ningekuwa wao ningerudi nyuma pia.

Nikamgeukia Mzee Projestus. Yeye ni Mhaya mwenzetu, mtu wa Kamachumu, na akizungumza kambini watu hunyamaza. Nikamwambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, waeleze hii ni nini." Yule mzee alikuwa na kahawa mdomoni, Verdiana. Niliona shavu limetuna. Akaimeza, akasema, "Mambo hayo mimi siyajui." Sijawahi kuona mtu mzima akimeza kahawa kwa woga. Niliumia kuliko siku bega lilipochomoka.

Jiwe na mnyororo walivipeleka kwa mtumbwi wakavitosa mbali. Mpini wangu waliuchoma pamoja na mpira, ukatoa moshi mweusi, na moshi nao wakausema. Mwenyekiti akatamka niondoke kisiwani kwa boti la kwanza. Alizungumza vizuri, hakuna aliyenigusa, na hilo nalishukuru.

Kesho yake mitumbwi ilirudi imejaa. Sangara wakubwa, wa kubebwa na watu wawili. Labda maji yaligeuka, labda ni upepo, samaki wana sababu zao. Nilisimama ufukweni nikatazama watu wakishangilia, na wakiniona wanashusha sauti. Pale nilijua nimekwisha. Ningeweza kubishana na maneno yao, lakini na samaki waliojaa mtumbwini ningebishana vipi?

Nilipanda mwambani nikampigia Bi Zulfa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, mkono wako nauamini, na wewe nakuamini. Lakini watu hawapandi mtumbwi mmoja na mtu wanayemwogopa, na mimi bila watu sina mtumbwi." Hakunitukana wala kunidanganya. Ningefurahi kama angenitukana, ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Magesa amehama. Alikunja mkeka wake mchana, mimi nikiwepo, kwa sababu si mtu wa kunyemelea. Nikamwambia, "Magesa, jiwe tulilibeba wote." Akasema, "Jiwe nililibeba, najua ni jiwe. Lakini hiyo kahawa sikukuona ukiiweka." Ni kweli hakuniona, na mimi mwenyewe sikujiona. Hatujasemezana tena.

Anayezungumza nami sasa ni mtu mmoja tu, na heri angenyamaza. Alikuja kutoka kambi ya upande wa pili, akavua kofia, akaniita mzee. Anataka nikafunge samaki wa jirani yake. Nilimwambia mimi ni mvuvi, sijui kufunga wala kufungua. Akatikisa kichwa kwa adabu, akasema anaelewa, watu wa kazi hiyo hawajitangazi. Verdiana, mkono huu nimeufanyia kazi kama mtumwa ili nirudi kuvuta wavu, na kazi pekee ninayopewa ni ya uchawi. Nilimfukuza, kisha nikaingia ndani nikalia, na sikuona aibu.

Boti la kwanza ndilo linaloleta barua hii, lakini mimi halinichukui. Nahodha alisema hapakii mtu wa kumfungia injini katikati ya ziwa. Kwa hiyo nimeamriwa kuondoka na hakuna wa kunichukua. Mtu wa mashua ya mbao, mgeni wa huku, amenikubalia nirudi naye atakapomaliza kupakia. Barua nampa katekista aliyekuja kusalisha. Lakini ndani ya boti hilo kuna abiria wengine, na vinywa vyao havikufungwa kwenye bahasha. Huenda habari imekufikia kabla yangu, tena imenenepa njiani.

Usijilaumu kwa ajili ya ile kahawa. Nakujua, utakaa jikoni ukijihesabia makosa. Ulinitumia kwa upendo na niliila kwa furaha, basi.

Msalimie mama, umwambie nakuja ila usimwambie kwa nini. Msalimie kaka yangu Deusdedit, na umkumbushe habari ya panga. Msalimie dada yako wa Muleba mjini, anayesema siku zote kwamba ziwa si kazi. Safari hii mwache afurahi. Wasalimie wanakwaya wenzangu wote, hasa yule wa sauti ya nne aliyebaki peke yake. Watoto wakubwa waambie baba anakuja kulima nao.

Mwisho nakuomba jambo moja. Nitafika mchana, na nitashukia pale dukani ambako watu hawakosi. Usiniandalie chakula kwanza, wala usiniulize habari za mkono. Toka nje na yule mdogo wetu, ambaye tangu azaliwe sijawahi kumbeba kwa ajili ya bega. Njoo naye mpaka pale nilipo, mbele ya majirani wote, unikabidhi. Nitanyoosha mikono yote miwili. Yangu itamudu, hilo halinipi hofu. Nitakuwa naiangalia ya kwako, kama itachelewa kumwachia.

Mumeo,
Respicius