Nakshi Nyekundu ya Nyanya Yako

Mjukuu wangu Mwende,

Pokea salamu kutoka Mbumbuni. Mbaazi zimechanua, na mama yako amepata nafuu ya mguu.

Umeniuliza kama umuuzie mwenye duka vyondo vyako vyote kwa jumla, ukivisuka apendavyo yeye, au uviuze mwenyewe mtandaoni. Mtandao siujui, nitakueleza habari za marehemu nyanya yako.

Miaka ya sabini, alitaka kuuza vyondo vyake Malili, kwa wasafiri wa barabara kuu. Nilikataa, nikamletea mnunuzi wa jumla. Huyo alitaka vyondo vya aina moja, visivyo na nakshi nyekundu ambayo nyanya yako alifundishwa na mama yake.

"Iondoe," nikamwambia.

"Baba Mutua, wewe hata kamba huwezi kusokota! Leo unanifundisha kusuka?"

Hata hivyo aliiondoa, na karo ya watoto ikapatikana. Miaka mingi baadaye, mama yako alipoolewa, aliomba kiondo chenye nakshi ile. Nyanya yako alikisuka na kukifumua mara tatu.

"Mikono imesahau," akasema, akacheka kidogo. Nilitoka nje, nikajifanya naangalia mbuzi.

Utaamua mwenyewe. Ukimchagua mwenye duka, kila mwezi bakiza walau kiondo kimoja ukisuke upendavyo. Sikumwambia nyanya yako hivyo, na sasa sina wa kumwambia.

Ni mimi babu yako.