Madebe Mawili ya Ziada

Baba,

Leo ni Jumapili ya tatu tangu tukuzike Dundori. Mama yuko kanisani. Nilimwambia kichwa kinaniuma, lakini hakiumi. Hakuna kinachoniuma. Ninakula, ninafua sare, na katika mtihani wa hesabu nimekuwa wa pili.

Fundi Njoroge anafukuzwa kazi mwisho wa mwezi. Wanasema ndege yenu ilishindwa kupita juu ya miti ya mwisho wa uwanja wa ndege, ikaanguka, kwa sababu hakuitengeneza injini vizuri. Nyumba ya kazi nayo ataihama, yeye na watoto. Siku ya mazishi alisimama karibu nami akasema, "Injini ile ilikuwa nzima, msichana wangu." Niliangalia viatu vyake.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipiga hesabu mezani? Mimi nikikusomea kitabu cha ndege cha Kiingereza, wewe ukinieleza upepo. "Mafuta ya kwenda, ya kurudi, na ya dakika arobaini na tano tukipotea. Basi, binti yangu. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na mafuta ni mzigo kama viazi." Kisha unauliza, "Madebe mangapi?" na kwenda kuyamimina kwenye tangi la ndege. Hukuwahi kuirudia hesabu yangu.

Siku ile safari ilikuwa ya Kisumu na kurudi, na kwa mara ya kwanza wewe pia ulikuwa unapanda. Hesabu ilitoa matano. Niliogopa yasije yakawaishia juu ya milima. Nikakuambia saba.

Ukacheka. "Leo upepo una hasira, eh?"

Nikasema ndiyo.

Haukuwa na hasira. Jua lilikuwa kali, ndege imejaa magunia ya mbegu, na juu ya hayo uzito wa madebe yangu mawili. Rubani bado hajaweza kusema neno hospitalini. Karatasi ya hesabu ya siku ile ninayo mimi, ndani ya daftari.

Labda si madebe hayo, Baba. Sijui. Lakini Fundi Njoroge anafunga vyombo vyake.

Kesho sitaingia darasani. Nitampelekea mkubwa wa uwanja karatasi hiyo na kumwambia nilichofanya, na akinifukuza nitangoja mlangoni. Nakuahidi. Lakini Mama atasikia kwanza, kutoka kwangu.

Pumzika, Baba. Bado sijalia. Sasa namsikia akifungua lango.