Upande Wako wa Sinia

Ibra, Oman
14 Januari 2025

Mpendwa Dada Ghaniya,

Shikamoo dada yangu. Natumai umeamka salama, magoti yamekupa nafuu na kile kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila macho yamekuwa mavivu. Mwanangu Hamdun hajambo, na mkewe, na watoto. Baridi ya Ibra mwezi huu inaingia mpaka mifupani, nashinda nimejifunga kanga juu ya sweta. Ungeniona ungenicheka.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu haitufai tena. Mimi nasema, wewe unauliza "ehe?", nasema tena, mwisho tunasalimiana tu na kuagana. Barua anakuletea Aflah, rafiki wa Hamdun, anakuja Unguja harusini. Mwambie mjukuu wako Raghad akusomee pole pole, na asiruke kitu.

Sasa sikiliza. Wasan, binti wa Hamdun, yule anayesomea uchoraji, aliniambia anataka kunichora. Yeye na vijana wenzake walikuwa wakitayarisha maonyesho Nizwa, katika nyumba ya kale ya udongo karibu na soko. Mwalimu wao aliwaonesha picha za mchoraji wa zamani wa Indonesia, marehemu Wirasena, akawataka kila mmoja amjibu kwa picha yake. Nilicheka. Mtu keshakufa, mnamjibu nini?

Huyo bwana, kwa walivyonihadithia, aliondoka kwao Java angali kijana na hakurudi tena. Akazeekea ugenini. Miaka yote akichora jambo lile lile: mkeka wa kwao umetandikwa, chakula kimepakuliwa, watu wameketi, na pahala pa mtu mmoja pako wazi. Ni pake yeye. Wasan aliponionesha picha hizo, huyo bwana nilimfahamu bila ya kufasiriwa.

Basi Ijumaa moja akaja na penseli zake. Nikavaa kanga mpya, nikajipaka wanja, nikala chakula changu cha mchana huku ananitazama. Sijapata kukwambia, dada, lakini mimi nakula peke yangu. Hamdun na watu wake wana saa zao na chakula chao, kila mtu na simu yake mkononi, na wali wa nazi hawautaki. Tangu alipofariki mume wangu Amur, Mungu amrehemu, hamna mtu humu ndani ninayeweza kuzungumza naye Kiswahili mpaka mazungumzo yakaisha. Siku nyingine nazungumza na sufuria. Upweke huu sikuwahi kukwambia kwenye simu kwa sababu si kitu cha kupigia kelele.

Siku ya maonyesho Hamdun alitupeleka kwa gari. Tukapita Bidbid, tukanywa chai ya maziwa njiani, na mimi nimejipamba kama ninayekwenda harusini. Mle ndani kijana mmoja wa Sur, Laith, alichora mkeka mtupu na viatu vimejaa mlangoni. Msichana wa Tiwi, Israa, alichora watu wamelizunguka sinia, na pale pahala pa wazi akasimamisha simu yenye sura ya kaka yake aliye masomoni. Ile ilinipendeza sana. Kisha nikafika kwenye picha ya Wasan.

Ni chumba changu. Mkeka wangu, sinia langu la shaba, wali, samaki, birika la kahawa. Mimi simo.

Niliumia, sikufichi. Nilijiona nimekwisha kuzikwa, na kanga yangu mpya. Nikamwambia Hamdun anirudishe nyumbani saa ile ile. Wasan akanishika mkono, machozi yanamtoka, na kwa kile Kiswahili chake cha kuungaunga akaniambia, "La, Bibi, wallahi, tazama sinia. Hii upande wewe umekula. Hii ingine ya nani?"

Nikavaa miwani. Wali umeliwa upande mmoja mpaka katikati, umekatika sawasawa. Upande wa pili haujaguswa, na kichwa cha samaki kizima kiko huko.

Unakumbuka mama alivyokuwa akitupakulia sinia moja, akatukataza kuvuka katikati? Kichwa chako, mkia wangu. Dada, mimi mpaka leo nakula hivyo. Peke yangu, mwanamke mzima, siuvuki ule mstari, na kichwa cha samaki nampa paka. Nilidhani sikipendi. Mtoto huyu, ambaye hata jina la mtaa wetu hawezi kulitamka, ndiye aliyeniona.

Nikamuuliza, na mimi je, niko wapi? Akanielekeza kidole mle mle pichani, nyuma kabisa ya chumba. Mlango wa chumba uko nusu wazi, na pembeni yake inachungulia ncha ya kanga yangu. "Bibi umeenda fungulia mgeni," akasema.

Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Kila mwaka nikikuita uje, unaniambia mwakani. Mara magoti, mara wajukuu, mara mvua. Sikulaumu, lakini yule bwana wa Java nyumba ilimngoja mpaka akafa, na mimi sitaki tuwe picha ya mtu. Njoo kabla ya Ramadhani. Hamdun yuko tayari kukupokea Maskati, usijishughulishe na kitu. Ukiona huwezi, niambie kweli, nami nitajua namna ya kuituliza roho yangu.

Nisalimie Raghad, mwanao Muadh na mkewe, na jirani yetu Bi Dalal kama bado ana nguvu ya kugomba. Mungu akuhifadhi, akupe afya ya safari na atukutanishe tungali na meno ya kulia samaki.

Mdogo wako akupendaye, aliyekwisha kuinuka kukufungulia mlango,

Asya